Nyumba kavu ambayo dada yangu haingii

Barua imefupishwa kidogo. Ofisi inayolalamikiwa hatukuitaja, na alama za kumtambulisha mwandishi tumeziondoa.

Asalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mjane wa miaka 57, naishi Lamu, mji wa kale, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Ni nyumba ya zamani, ya matumbawe na chokaa, yenye daka lake la kukalia wageni mlangoni, kiwanda, yaani ua mdogo, cha kuanikia, na msana, yaani ukumbi, wa chini ambao ukuta wake una vidaka, yaani vishubaka, vya nakshi ambazo mafundi wake siku hizi hawapatikani. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka ujue ni kitu gani kinachozama.

Mwaka juzi walikuja watu kutengeneza kichochoro kinachopita ubavuni mwa nyumba. Walipandisha njia kwa zege hadi karibu na kizingiti changu, na mtaro wa wazi uliokuwa ukiteremsha maji kwenda pwani wakaufunika kwa slebu. Kwa juu palipendeza. Hata mimi nilishukuru, maana punda walikuwa wakiteleza pale. Kumbe chini, pale mtaro unapokata kona, waliacha mchanga na mifuko mitupu ya saruji. Masika ya kwanza maji yalifika vifundoni. Masika ya pili yalifika nusu ya muundi. Marehemu mamamkwe alikuwa akisema, "Mai hayana mwenyewe, yana ndia." Walipoifunga ndia yake, yaani njia, yakaja kuitafuta kwangu. Chokaa inabanduka kama ngozi ya nyoka, na kidaka kimoja kilianguka usiku kwa kishindo nikadhani ni mwizi.

Nilianza kwa adabu. Nilikwenda ofisini nikaeleza kwa mdomo, kijana wa mapokezi akaandika jina langu kwenye daftari. Niliporudi baada ya mwezi, daftari lilikuwa jipya na jina langu halimo. Nikaambiwa mwenye kauli yuko ng'ambo ya maji. Nimevuka kwa boti mara sita. Mara yuko mkutanoni, mara yuko semina, mara ndiyo kwanza ametoka. Safari ya nne nilibeba barua aliyonipigia taipu binti yangu, na nakala yangu ikapigwa muhuri. Leo ni miezi 13. Sijajibiwa, hata kuambiwa hapana. Safari ya mwisho afisa mmoja, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinitazama akasema, "Bi, tatizo si mtaro, ni nyumba yako kuukuu." Nilirudi kwa boti nikitazama maji tu.

Sasa hapa ndipo penye shida yenyewe. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya mkataba katika idara hiyohiyo. Mkataba huhuishwa kila mwaka, na huu wa sasa umebakiza miezi michache. Usiku mmoja alinitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi ya ndani ya ofisi. Imeandikwa kwamba kazi ya kichochoro chetu imekamilika yote na imelipwa yote, pamoja na kitu walichokiita tundu la kutolea maji, ambalo hapa mtaani hakuna aliyeliona. Akaniandikia, "Mama mkubwa, usimwonyeshe mtu." Nilimwonyesha mtu mmoja tu, shemeji yangu, na sasa najuta.

Shemeji anataka twende mahakamani Malindi, na kabla ya hapo karatasi ile isomwe redioni. Habari zimemfikia dada yangu. Alikuja akakaa dakani, ndani hakuingia, akaniambia nikimponza mwanawe nisimwite dada tena. Kijana ana mke na mtoto wa miezi saba.

Binamu yangu aliye Uingereza ananiambia huko kuna ombudsman ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya wakazi juu ya halmashauri zao, na kwamba hata Kenya tunaye. Nimeuliza, kweli yupo. Lakini naogopa. Nikienda huko watajua ni mimi? Nikiambatisha ile picha nitamuumiza kijana. Nisipoiambatisha, nina nini mkononi? Na wakinisikiliza, nyumba ikakauka, ndiyo nikae peke yangu katika nyumba kavu ambayo dada yangu haingii?

Mwenye Nyumba ya Maji, Lamu

*

Waalaykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama palepale: wewe kwenye boti, umeinamisha uso, unatazama maji. Basi tuanze na yule kijana na neno lake la "kuukuu", kwa kuwa nahisi limekuuma kuliko masika yote mawili. Nyumba za Lamu ni kuukuu, naam, na ndiyo sababu UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Anayechimba kando ya ukuta wa aina hiyo anatakiwa awe mwangalifu maradufu. Ukuukuu wake haumpi mtu ruhusa ya kuuzibia maji.

Lakini niruhusu nikuulize jambo ambalo huenda usilipende. Je, ndani ya jibu lile la ovyo hamna chembe ya ukweli hata moja? Matumbawe hunyonya. Nyumba ya umri huo yaweza kuwa ilikuwa na unyevu wake hata kabla ya mafundi kufika. Siulizi ili kumtetea. Nauliza kwa sababu popote utakapolipeleka jambo hili, upande wa pili utasema hivyohivyo, ila kwa lugha ya heshima na kwenye karatasi yenye nembo. Afadhali jibu uwe nalo mapema. Una picha za msana ule kabla ya njia kupandishwa, labda za harusi ya mtoto, au za wale wageni wanaoomba kuingia kutazama? Jirani aliyeuona mtaro ukiwa wazi anaweza kusema ulikuwa ukienda wapi? Makumbusho ya Taifa wana watu wa uhifadhi hapohapo Lamu, wanaozijua kuta hizi. Waombe waje watazame, na waandike walichokiona. Na wakati unangoja, tafadhali usikubali fundi wa haraka akupige plasta ya saruji ukutani. Chokaa hupumua, saruji huufungia unyevu ndani, na baadaye utaambiwa umeiharibu nyumba wewe mwenyewe.

Sasa nikusomee shida yako kama nilivyoielewa mimi, unisahihishe nikikosea. Umepakia mizigo mitatu juu ya punda mmoja. Kuna maji: unataka mtaro uzibuliwe na ukuta utengenezwe. Kuna pesa: unashuku kwamba kazi isiyofanyika imelipwa. Na kuna kijana wa dada yako, na karatasi iliyoko kwenye simu yako. Shemeji anataka kumpiga punda huyo mijeledi aende mbio. Dada yako anataka asitoke zizini. Mimi ningependa kwanza tuishushe mizigo chini tuitazame mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja una mlango wake, na mlango mmoja ukitangulia kufunguliwa unaweza kuufunga mwingine.

Huyo ombudsman ni nani? Neno ni la Kiswidi, na Waswidi wana ofisi hiyo tangu 1809. Majirani zetu Tanzania walitutangulia kwa mbali. Walianzisha tume yao mwaka 1966, ya kwanza katika Afrika. Kwetu Kenya ni tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 chini ya Katiba mpya. Wengi huiita CAJ, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Commission on Administrative Justice, na maneno yake ya kujitambulisha ni "Hata Mnyonge ana Haki". Inachunguza mwenendo wa ofisi za umma, za serikali kuu na za kaunti: ucheleweshaji, uzembe, utovu wa adabu, matumizi mabaya ya mamlaka, na ile tabia ya kumwacha mtu bila jibu. Dada, miezi 13 bila hata "hapana" si jambo dogo la kukufanya uone haya kulisema. Hilo peke yake ni lalamiko kamili. Halihitaji siri ya mtu yeyote.

Kulalamika hakulipiwi. Unaweza kuandika, na Kiswahili chako hiki kinatosha kabisa. Unaweza pia kueleza kwa mdomo, wakakuandikia wao. Makao makuu yako Nairobi, na Mombasa wana tawi. Watakachotaka kujua kwanza ni kama uliiambia ofisi yenyewe na ikafanya nini. Ndiyo maana unaposema kwamba bila ile picha huna kitu mkononi, nakataa kwa upole. Una nakala yenye muhuri. Una tarehe zako za kuvuka maji. Una ukuta wenye alama ya maji ya masika mawili. Tume huanza kwa kuiandikia ofisi husika na kuipa muda wa kujibu. Ikinyamaza hukumbushwa, na ikizidi tume ina uwezo wa kumwita mkubwa wa ofisi aje aeleze mwenyewe, au kudai nyaraka. Inaweza pia kuwakalisha pande zote mbili kuzungumza. Mwisho wake huandika ilichokiona na kupendekeza: rekebisheni, ombeni radhi, lipeni fidia.

Hapo kwenye "kupendekeza" nisikufiche. Ombudsman si hakimu. Mahakama zetu zimeshasema kwamba mapendekezo yake hayaifungi ofisi kama hukumu inavyofunga. Ofisi ikiyapuuza, tume inaweza kulipeleka jambo hilo Bungeni kwa ripoti, lakini haiwezi kumtuma mtu aje na chepeo kuzibua mtaro wako. Na usidhani wa binamu yako ni simba kuliko wetu. Yule wa halmashauri za Uingereza, ambaye ofisi yake ilianzia sheria ya mwaka 1974, naye hupendekeza tu; naye hutaka uwe umelalamika kwa halmashauri kwanza, na kwa kawaida hutaka uende kwake kabla ya miezi 12 kupita tangu ulipolijua tatizo. Tofauti kubwa iko kwa wanaopokea mapendekezo, kama wana haya au hawana. (Mwandishi wa safu hii ana maoni yake kuhusu nani ana haya nchini mwetu, lakini leo ni siku yako.)

Kuna jambo moja ambalo huenda hata binamu halijui. Ofisi hiyohiyo ina mkono wa pili, wenye nguvu kuliko wa kwanza. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba ofisi ya umma nyaraka ilizonazo, na imeiweka tume hii kuwa msimamizi. Unaandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, unasema unataka nini: mkataba wa kazi ya kichochoro, michoro yake, cheti cha kukamilika, malipo. Hulazimiki kueleza sababu. Wana siku 21 za kujibu. Nyaraka zikiwa nyingi wanaweza kujiongezea 14, mara moja tu. Hawatozi ada ya maombi, labda gharama ya kutoa nakala. Wakikunyima, au wakinyamaza, ambako kisheria huhesabiwa kuwa wamekunyima, una siku 30 za kuipelekea tume ilitazame upya. Na hapa, katika habari, tume inaweza kutoa amri, na amri hiyo ikapelekwa Mahakama Kuu kutekelezwa.

Umeona ninakoelekea? Karatasi ile iliyoko kwenye simu yako inaweza kuja mlangoni mchana kweupe, kwa jina lako, bila mtoto wa mtu kuguswa. Sikwambii kwamba ni hakika. Wanaweza kukuchelewesha, wanaweza kukuletea nusu. Na kuna hatari nyingine: ukiitaja karatasi moja kwa jina lake kamili na tarehe yake, watajiuliza umeijuaje. Ukiamua kupitia njia hii, omba faili la kazi nzima, kama ambavyo mkazi yeyote aliyeingiliwa na maji angeliomba. Tena itakujibu swali ambalo nimeona umeliruka: mtaro ule ni wa nani? Umevuka mara sita ukienda ofisi moja. Katiba inazipa kaunti kazi ya maji ya mvua katika maeneo ya mji, lakini njia hujengwa na wengi, zikiwamo idara za serikali kuu na miradi yenye wafadhili wake. Sijui wenu ulijengwa na nani, wala sitaki kukisia. Itakuwa huzuni wewe kugombana na dada yako kwa ajili ya ofisi ambayo pengine si yenyewe.

Tuje kwa shemeji. Hasira yake naielewa. Nyumba ni ya kaka yake. Mahakama nayo ni haki yako, na ndiyo yenye amri za kweli. Ila sikiliza mpangilio wake. Jambo likishafika mahakamani, ombudsman haruhusiwi kulichunguza. Likiwa linachunguzwa na tume nyingine ya kikatiba, pia hujitoa. Kwa hiyo shemeji akikimbilia Malindi leo, na kesho mwingine akaipeleka habari ya malipo kwa tume ya kupambana na ufisadi, ule mlango wa bure na wa taratibu unaweza kujifunga kabla hujaubisha. Na huko mahakamani wanaweza kukuuliza kwa nini hukupitia njia za kawaida kwanza. Mlango wa pesa, yaani wa ufisadi, upo na una umuhimu wake. Lakini jiulize kwa utulivu unataka nini hasa. Ni mtu fulani aaibike, au usiku wa mvua ulale? Yote mawili si dhambi kuyataka. Lakini anayetaka la kwanza hutafuta mashahidi, na shahidi wa kwanza kutafutwa atakuwa yule kijana. Anayetaka la pili anaweza kuanza na mtaro peke yake.

Redio? Hapo nitasema waziwazi kidogo: karatasi ile si ya shemeji kuisoma wala si yako kumpa.

Uliniuliza kama watajua ni wewe. Unaweza kuiomba tume isitaje jina lako, na wamezoea maombi hayo. Lakini tusidanganyane. Kichochoro ni kimoja, nyumba inayoingia maji ni moja, na aliyekwenda ofisini mara sita ni mmoja. Jina lako litajulikana hata likifichwa, na wewe umeshalitangaza kwa barua yako ya muhuri. Hilo si baya. Kinachopasa kufichwa si wewe. Na hivi, ni kweli kwamba ni nyumba moja? Jirani wa nyuma, wa upande wa pili, wale wanaovua viatu kuvuka pale masika, wao hawana la kusema? Barua yenye saini za watu wanane wa mtaa haionekani tena kuwa ugomvi wa mama mkubwa wa fulani. Mnaweza kuipeleka hata kwenye bunge la kaunti kama ombi la wakazi, sheria inawaruhusu. Hatari yake ni kwamba wanane wakishaungana, wanane wana midomo.

Nimekiacha cha mwisho kile kilicho kizito. Kijana alikuamini usiku ule, akakuomba neno moja, na hukuliweza. Hukufanya kwa ubaya. Ulikuwa umebeba peke yako, ukatafuta bega. Lakini nimeona katika barua yako umezungumza na ofisi, na shemeji, na dada, na binamu wa ng'ambo, na mimi. Hujaniambia umezungumza na yeye. Anajua kwamba shemeji ameiona? Anajua kwa kinywa chako, au kwa kinywa cha mama yake? Wewe na dada yako mnabishana juu ya riziki ya mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kana kwamba yeye ndiye huyo wa miezi saba. Huenda alipokutumia picha alikuwa amekwisha kupima hatari yake. Huenda hakupima kabisa, na sasa halali. Sheria ile ya 2016 inakataza mtu kuadhibiwa kazini kwa kufichua jambo lenye maslahi ya umma, lakini wewe na mimi tunajua kwamba mkataba usiohuishwa hauandikwi sababu. Ni yeye wa kusema ni kiasi gani anaweza kubeba. Pengine atasema ifute. Pengine atakushangaza.

Wala usichukulie kama jambo lililothibitishwa kwamba mkataba wake unaning'inia kwako. Mikataba hufa kwa mengi: bajeti, uchaguzi, mkubwa mpya. Usipolalamika kabisa na bado mkataba wake ukakatwa, utabaki na maji na lawama pamoja. Kunyamaza nako ni njia, na wako watu wenye hekima walioichagua kwa ajili ya udugu. Lakini kuna bei yake, na bei hiyo utailipa kila masika, vidaka vikianguka kimoja kimoja, na nachelea utaanza kumchukia dada yako kimyakimya kwa jambo ambalo wewe mwenyewe uliliamua.

Kuhusu dada, nimeona kitu kimoja katika barua yako ambacho pengine kimekupita kwa sababu ya uchungu. Alikuja. Mtu aliyekata undugu hafungi safari kuja kukaa dakani. Ndani hakuingia, lakini daka nalo ni la nyumba. Hapo ndipo mgeni hukaa akisubiri kukaribishwa. Ukimwendea kwake, sijui kama ungeanza na habari za ombudsman. Ungeweza kuanza kwa kumwambia kwamba ulikosea kuionyesha ile picha, na kwamba hutaitumia bila mwanawe kukubali. Halafu mwalike aje aone alama ya maji ukutani. Je, ameiona? Au naye anaijua kwa kusikia, kama anavyoijua karatasi?

Ukiamua kuandika, iwe kwa tume au kwa ofisi kuomba faili, mwache binti yako akupigie taipu tena, barua fupi tu: tarehe, kilichotokea, unachotaka kifanywe. Lile neno la "kuukuu" liweke ndani, na siku aliyokuambia. Usilipambe. Na ile nakala yenye muhuri, dada yangu, nakuomba kama bado iko kwenye kabati la msana wa chini, ipandishe juu leo.